Karatasi Yenye Jina la Ervin

Daktari aliokota harage moja kwenye ungo wangu,
akaliweka kiganjani: "Figo, mama, ina umbo hili hili."
Tangu siku ile sichambui maharage vizuri.
Nikiliona lililosinyaa nasita,
nalirudisha na mawe yake.

Hapa magharibi ya Nikaragua, chini ya mlima wa moto,
hatuulizani, "Hujambo?"
Twaulizana, "Una ngapi?"
Moja nukta moja: wewe mzima, kakate miwa.
Mbili nukta nane: lango la kiwanda halikujui tena,
hata kama ulilipitia miaka kumi na panga begani.
Marehemu Toribio wangu alifika kumi na nne.
Alikufa Januari, miwa imekomaa,
jivu la mashamba yanayochomwa likidondoka
juu ya shuka nyeupe niliyomfunika.
Nililipangusa. Likadondoka jingine.

Kuhusu chanzo, kila mtu ana lake.
Mhubiri asema ni ramu,
na Toribio hakuonja ramu maisha yake yote.
Injinia asema ni kisima chetu, tuchimbe kingine.
Wanangu wasema ni dawa ya magugu inayonyunyizwa na ndege.
Daktari asema ni jua, jua na kiu,
tani sita kwa siku na chupa moja ya maji,
kisha anainamisha kichwa: "Labda. Bado twachunguza."
Wakichunguza, fundi Melecio amepandisha bei ya majeneza.

Sasa nisikilizeni, maana hili sijalisema hata kanisani.
Ervin, mkubwa wangu, msimu uliopita alitoka mbili nukta tano.
Ana watoto watatu na mabati ya mkopo.
Yader, mdogo, miaka kumi na tisa,
shavu lile lile, nyusi zile zile,
hajawahi kulalamikia hata mafua.
Nikamwambia mimi, mama yao, kwa kinywa hiki:
"Chukua kitambulisho cha kaka yako.
Keti kwenye kile kiti. Toa mkono.
Damu nzito kuliko maji."

Akatoa mkono. Muuguzi hakumtazama usoni.
Akarudi na pamba kiwikoni, anacheka,
akala wali na maharage sahani mbili.

Siku ya nane karatasi ikaja.
Ervin Antonio Picado Munguía.
Tatu nukta nne.

Ervin akaketi kizingitini, akashika kichwa.
"Imepanda," akasema.
Jina lilikuwa lake, akalilia.
Mkewe akalia. Mbwa akaingia uvunguni.
Na Yader akampigapiga kaka yake mgongoni:
"Pole, kaka. Nitakukatia mimi,
kwa yule mkandarasi asiyepima mtu."
Akatwaa panga, akaanza kulinoa juu ya jiwe,
shii, shii,
tatu nukta nne ikizunguka mwilini mwake,
na hapana hata mmoja wao aliyetaka kukumbuka
nani aliketi kwenye kile kiti.

Mezani pana mfuko wa sukari,
ule tunaopewa na kiwanda kila Krismasi.
Wadudu wameupangia foleni tangu alfajiri.
Wengine huwaita sisimizi.
Mimi nawaita chungu,
maana ndiyo ladha niliyobaki nayo.

Nimesimama mlangoni na dumu la maji.
Mwanangu wa kwanza analilia ugonjwa ambao nusu yake si wake.
Wa pili anaimba kidogo kidogo, puani,
kama baba yake alivyoimba akinoa.
Nikisema, nimempoteza mmoja leo.
Nisiposema, shamba litasema Machi, adhuhuri,
mahali pasipo na kivuli hata cha mua.

Shii, shii.

"Yader," nimesema.
Hajasikia.
"Yader. Weka hilo panga chini.
Kunywa kwanza.
Kisha nipe huo mkono wako nilioutuma."